Tikiti Mbili za Jumamosi

Sugoi, kupitia Eldoret
4 Juni 1967

Mdogo wangu Priscah,

Chamgei. Ni mimi dada yako Rael. Leo nina nafasi ya kuandika kwa sababu ni Jumapili na mvua imetufungia ndani tangu tutoke kanisani. Mimi ni mzima. Kile kifua kilichonisumbua wakati wa mazishi ya mume wangu Kiptoo kimeniacha. Mahindi yamefika magotini. Binti yangu Chepkorir amejifungua mtoto wa pili huko Kitale, msichana tena, na mume wake hakununa. Mjomba Kipyego anakusalimu. Ng'ombe wake walikohoa mwezi wote wa Mei lakini hakufa hata mmoja.

Sasa sikia. Juzi nilienda Eldoret kununua chumvi, nikapita posta kuona kama umeniandikia. Hukuwa umeniandikia. Lakini ukutani wamebandika picha kubwa. Mwezi wa Oktoba, wakati wa maonyesho ya kilimo, watu kutoka ng'ambo wataleta mitambo ya michezo Nairobi. Kuna farasi wa mbao wanaozunguka, vigari vya kugongana, na gurudumu moja kubwa lenye viti, linalopandisha watu juu kuliko mikaratusi ya misheni. Nikamwuliza karani, "Hii ni ya nani?" Akasema, "Ni ya mtu yeyote mwenye tikiti, Mama." Nikamwuliza tena, akarudia vile vile.

Unakumbuka mwaka ule Baba alipotupeleka hadi kwenye maonyesho ya Eldoret, akiwa bado mchungaji wa ng'ombe wa yule Mzungu wa Plateau? Tulisimama nje ya seng'enge tukiangalia watoto wa Wazungu wakizungushwa. Wewe ulishika waya mpaka kiganja kikatoka damu. Baba akasema, "Twendeni. Hiyo si yetu."

Tikiti zimeanza kuuzwa. Bei ya sasa ni ya chini, itakaa hivyo mpaka mwisho wa Agosti, halafu itapanda. Kila tikiti inaandikwa siku yake, na siku hiyo ikipita imekufa. Nimefikiri twende mimi na wewe. Mimi nije huko. Baada ya hapo naweza kukaa kwako kidogo. Si lazima nirudi haraka, shamba lina watu.

Niambie unaonaje.

Ni mimi dada yako,
Rael


Nairobi, Kileleshwa
2 Julai 1967

Kwa dada Rael,

Nisamehe kwa kuchelewa kukujibu, kazi imekuwa nyingi. Mimi ni mzima. Baridi ya Nairobi mwezi huu inaingia mpaka ndani ya meno. Memsabu analalamika magoti. Watoto wako shule ya bweni, kwa hivyo nyumba imenyamaza, unasikia saa ya ukutani ukiwa jikoni. Nimefurahi kusikia Chepkorir amejifungua. Mpe mtoto jina la Mama, kama bado hawajampa.

Habari ya gurudumu imenifanya nicheke peke yangu. Nilifikiri umesahau ile seng'enge. Mimi nilikwenda na watoto wa memsabu kwenye michezo kama hiyo mara moja, miaka ya nyuma, lakini nilikuwa nimeshika makoti yao.

Twende, dada. Lakini kwa nini usafiri wewe? Njia ni ndefu, na wewe una shamba. Mimi ndiye sina kitu cha kuacha. Naona afadhali nije kwako kwanza, Septemba, nikusaidie kuvuna, halafu Oktoba tukipenda tutoke huko pamoja. Tukikosa kupenda, basi, tutakuwa tumekaa pamoja. Ile nyumba aliyojenga Kiptoo, kile chumba cha nyuma alichokuwa akiwekea magunia, bado kiko? Paa halivuji?

Kuhusu tikiti, tungoje. Agosti bado iko mbali.

Wako,
Priscah


Sugoi
23 Julai 1967

Mdogo wangu Priscah,

Barua yako ilinifikia vizuri. Mimi niko. Mvua ya mawe ilipiga upande wa mto, ikaacha upande wetu. Mtoto wa Chepkorir walikuwa wamekwisha kumpa jina, la upande wa baba.

Septemba usije. Lori hazipiti, matope yanafika kwenye ekseli. Na hakuna cha kuvuna Septemba, umesahau? Umekaa na Wazungu sana.

Nyumba iko. Paa sijalitazama.

Kimutai, yule ndugu ya Kiptoo, ndiye anayeshughulika na mambo ya kamati ya ushirika siku hizi. Wiki iliyopita alikuja na watu wengine wakapima mipaka mpaka jioni. Nikawapikia chai. Ni watu wazuri, walishukuru.

Sasa mimi pia nina swali. Chumba chako kule nyuma kwa memsabu nimesahau ukubwa wake. Vitanda viwili vinaingia? Si lazima kiwe kitanda, hata mkeka. Na memsabu ni mtu wa kukasirika akiona mgeni? Mwambie najua kufua, na sina maneno mengi.

Tikiti tusichelewe. Wewe uko mjini, ni rahisi kwako kujua siku gani ni nzuri. Chagua siku uniambie.

Dada yako,
Rael


Nairobi
15 Agosti 1967

Dada Rael,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi niko hivyo hivyo.

Ukiandika tena usitumie sanduku la memsabu, barua huku zimekuwa zikipotea. Tumia anwani ya Nyaguthii, yule rafiki yangu anayeuza mboga mtaa wa Bahati. Nimeiandika nyuma ya bahasha.

Nilikwenda mjini mahali wanapouza tikiti. Laini ilikuwa ndefu, watu na watoto wao. Nilipofika dirishani, karani akaniuliza, "Siku gani?" Nikasema bado tunafikiri. Akaniambia, "Mama, fikirieni nyumbani. Tarehe thelathini na moja saa ya kufunga bei inabadilika, na Jumamosi zinaisha." Nyuma yangu mtu akasema, "Nunua ama utoke." Nikatoka.

Sijui siku gani, dada. Siku zote ni sawa kwangu. Memsabu ameuza piano. Watu wengi mtaa huu wanauza vitu.

Hukunijibu vizuri habari ya chumba cha magunia.

Priscah


Sugoi
27 Agosti 1967

Mdogo wangu Priscah,

Wazima? Mimi ni mzima. Mahindi yametoa ndevu. Mjomba Kipyego ameanguka kutoka kwa baiskeli ya mwanawe, lakini alivunjika jino tu, na lilikuwa bovu.

Nimenunua. Yaani kesho zitanunuliwa. Mwalimu Wasike wa shule yetu anakwenda Nairobi kwa mkutano wa walimu, na nimempa pesa. Nimeuza yule ndama mwekundu. Nimemwambia anunue mbili, Jumamosi ya tarehe 14 Oktoba. Nilikungoja useme siku, hukusema. Nikaona tukiendelea kuulizana bei itapanda, na ikipanda tutasema ni ghali, na tukisema ni ghali hatutakwenda. Mimi natujua.

Wasike aliniuliza, "Mama Chepkorir, na ukubwa huo unataka kuzungushwa?" Nikamwambia ndiyo.

Tikiti atakaporudi nazo zitakaa kwangu. Nitakuja na nguo zangu zote, kwa sababu sijui hali ya hewa ya huko.

Dada yako,
Rael


Nairobi, Bahati
12 Septemba 1967

Dada yangu mpendwa Rael,

Nakusalimu sana, na mjomba Kipyego, na jino lake. Watoto wa Nyaguthii wanakusalimu pia ingawa hawakujui.

Umenunua tikiti, kwa hivyo lazima nikwambie kabla hujatoka. Sina chumba, dada. Memsabu na Bwana walirudi kwao mwisho wa Juni. Ile barua ya kwanza nilikuandikia nikiwa nimekaa juu ya sanduku langu jikoni, nyumba ni tupu, nikingoja mwenye nyumba mpya aje aseme kama anahitaji yaya. Hakuhitaji. Yale ya magoti ya memsabu niliyaandika kwa mazoea tu. Miaka mingi kila barua nimekuandikia habari za magoti yake, nikakosa kujua nitaandika nini badala yake.

Alinipa koti, na karatasi yenye maneno mazuri juu yangu. Watoto sikuwaona, walitoka shuleni moja kwa moja wakapanda ndege. Yule mdogo nilimlea tangu siku ya tatu.

Sasa nalala kwa Nyaguthii pamoja na wasichana wake. Hajasema neno lolote. Lakini bado ananipikia chakula cha mgeni, na mimi naona aibu kukila.

Nilitaka kuja kwako. Ndiyo sababu niliuliza habari ya chumba cha magunia. Sikutaka kuja kama mtu aliyefukuzwa, nilitaka unialike. Sitakaa bure. Kukamua sijasahau. Ukisema njoo, nitakuja wiki hiyo hiyo. Hizo tikiti unaweza kumwuzia mtu, sasa bei imepanda hutakosa mnunuzi.

Nijibu upesi, tafadhali.

Mdogo wako,
Priscah


Nairobi, Bahati
28 Septemba 1967

Dada,

Salamu. Sijapata jibu. Labda barua yangu haikufika, labda yako iko njiani.

Kama jibu ni hapana, andika hapana. Sitakasirika. Najua una mambo yako na nyumba ni ya ukoo wa Kiptoo.

Priscah


Sugoi
7 Oktoba 1967

Priscah mdogo wangu,

Barua zako zote mbili zilifika. Ile ya kwanza niliisomea katikati ya mahindi, ili watu wa nyumbani wasinione. Nilipofika pale uliposema huna chumba, nilicheka. Halafu nikakaa chini, nikakaa mpaka ng'ombe wakaanza kulia kwa kutokamuliwa.

Mimi pia sina. Shamba liliandikwa jina la Kiptoo, na Kiptoo alipokufa kamati ikauliza mrithi ni nani. Mimi nina Chepkorir tu, na ameolewa. Kimutai akasema, "Shemeji, huwezi kukosa ugali hapa," na watu wote wakasema amesema vizuri. Kisha wakaandika jina lake. Tangu Mei wanawe wanalala kwenye ile nyumba, na chumba cha magunia kina magunia yao. Mimi nalala jikoni. Siwezi kusema wamenitesa. Ila asubuhi bibi yake anaingia kuwasha moto nikiwa bado nimelala, ananiruka miguu, na wote wawili tunajifanya hakuna kilichotokea. Baada ya mavuno wanataka kubomoa jiko hilo wajenge lingine.

Nilipoona ile picha posta nilifikiri nikija Nairobi kwa ajili ya michezo, nitakuwa nimekuja tu, na ukinizoea hutaniambia niondoke.

Sikukujibu kwa sababu sikujua jinsi ya kukwambia njoo, na sikujua jinsi ya kukwambia usije. Kila siku nilisema kesho.

Sasa nimeamua. Tikiti sitauza. Nitapanda treni Ijumaa, nifike Jumamosi asubuhi. Nisubiri stesheni. Tutakwenda kwenye michezo, halafu tutakaa mahali tunywe chai tufikirie. Watu wawili wakifikiri ni tofauti na mmoja anayefikiria jikoni kwa watu. Mimi nina mikono, wewe una karatasi ya memsabu. Tutapata chumba.

Nitavaa kitambaa cha kijani kichwani, usije ukanipita.

Dada yako,
Rael


Nairobi, Bahati
10 Oktoba 1967

Dada Rael,

Nakusalimu. Nimengoja jibu lako, na leo naona sitangoja tena, si kwa ubaya.

Nimepata kazi. Ni familia moja inayohamia Nakuru, wana mtoto mchanga na mwingine yuko njiani. Mama yule alisoma karatasi yangu, akaniuliza, "Unaweza kuanza Alhamisi?" Nikajibu ndiyo kabla sijakufikiria. Nilipokufikiria, nikaona hujajibu, na kutojibu pia ni jibu.

Kwa hivyo Jumamosi usihangaike kuja. Mwuzie Mwalimu Wasike zile tikiti, aende na bibi yake. Mwaka mwingine wakileta tena tutakwenda.

Nitakutumia anwani nikifika. Usidhani nimekasirika.

Priscah


Eldoret
29 Oktoba 1967

Mdogo wangu Priscah,

Chamgei. Nimepata anwani yako ya Nakuru kwa Nyaguthii, ndiyo naandika. Mimi ni mzima. Nataka nikwambie mambo jinsi yalivyokuwa, ili usiyawaze vibaya.

Barua yako ya tarehe 10 sikuiona mpaka niliporudi Sugoi kuchukua vitu vyangu. Ilifika nikiwa nimeshaondoka. Yangu nayo ilifika Bahati Ijumaa, na wewe uliondoka Alhamisi. Nyaguthii alikuwa ameiweka juu ya kabati, haijafunguliwa.

Nilisubiri stesheni. Nilisimama mahali palipo wazi ili unione. Watu wa treni yetu wakaisha, wakaja wa treni ya Mombasa, nao wakaisha. Askari wa reli akaniuliza, "Mama, umepotea?" Nikamwambia hapana, nasubiri mdogo wangu. Baadaye akaja tena, hakuuliza, akaniletea tu kiti cha ofisini kwao. Nilipoona aibu ya kile kiti ndipo nikaondoka, nikauliza njia ya Bahati.

Nyaguthii alifungua mlango akasema, "Wewe ni Rael. Mnafanana paji la uso." Nikamwuliza yuko wapi. Akanishika mkono kwanza kabla ya kujibu. Aliposema Nakuru, nikakumbuka treni yetu ilisimama Nakuru kabla ya mapambazuko. Nilinunua chai dirishani kwa mwanamke mmoja, na nikalalamika kwamba haina sukari. Ulikuwa hapo karibu, umelala.

Ilinipasa kukujibu ile wiki ya kwanza. Hilo sitaliandika tena, nimeliandika mara moja inatosha.

Nyaguthii alinipa chakula akaniambia nipumzike. Lakini tikiti zilikuwa za siku ile, na zingekufa jioni. Akasema, "Basi twende wote." Nikamwambia aende sokoni kuuza mboga zake, mimi nitakwenda mwenyewe. Kama angekuja angekaa kwenye kiti chako, na sikuwa tayari.

Palikuwa na watu wengi, Priscah, wa kila aina. Wahindi na watoto wao, Wazungu wachache, na watu wetu wamevaa viatu vya kanisani. Farasi wa mbao niliwaangalia tu. Kwenye gurudumu kijana wa pale alizitazama tikiti zangu.

"Hii ya pili ni ya nani?"

"Ya mdogo wangu."

"Anakuja?"

"Hapana."

Akafikiri kidogo. "Basi utapanda mara mbili, Mama."

Akanifunga na chuma kifuani. Kile kiti ni cha watu wawili, kwa hivyo kiliinama upande wangu. Lilipoanza kwenda nilifumba macho. Likasimama, nikafikiri tumefika chini, nikafumbua, kumbe niko juu kabisa wanapakia watu wengine. Upepo ulikuwa mwingi. Niliona mabati ya mji wote, na reli niliyokuja nayo, nikaifuata kwa macho mpaka ilipopotea upande wa Nakuru. Mtoto mmoja kwenye kiti cha mbele alikuwa akilia, mama yake akimwambia, "Tazama mbali, usitazame chini." Mimi pia nikatazama mbali. Sikuogopa. Nilitaka tu kumwambia mtu kwamba siogopi.

Halafu nikapanda tena, kwa tikiti yako.

Jumapili Nyaguthii alinisindikiza stesheni. Alinikaribisha nikae, na alisema kwa moyo, lakini wasichana wake walikwisha kubanana kwa ajili yako, sikutaka wabanane tena kwa ajili yangu. Nimepata chumba hapa Eldoret nyuma ya maghala ya nafaka. Tunachagua maharagwe, wanawake wengi kwenye baraza moja, yaliyooza huku, mazima huku. Anayekaa karibu nami anaitwa Nanzala, ametoka Bungoma, anaongea toka asubuhi mpaka jioni na hahitaji kujibiwa. Inanifaa. Chumba kina dirisha. Jioni ni ndefu.

Kimutai alinibebea sanduku mpaka barabarani. Aliniambia nisikose kuja Krismasi. Bibi yake alilia kidogo.

Niandikie kama mtoto huyo mchanga analala vizuri.

Dada yako,
Rael


Nakuru
19 Novemba 1967

Dada yangu Rael,

Barua yako ilifika mwanzoni mwa mwezi huu. Mimi ni mzima. Mtoto halali vizuri, tumbo linamsumbua, tunatembea naye kwenye veranda mimi na yeye. Mama yake bado ni mgonjwa wa ile mimba nyingine na hatoki kitandani. Vumbi la Nakuru ni jeupe, linaingia hata kwenye sufuria yenye kifuniko.

Nina chumba nyuma ya nyumba. Kina kitanda kimoja na hakiwezi kuingiza kingine, nimepima. Nilimwuliza memsabu huyu mpya kama ndugu yangu anaweza kuja kulala siku chache. Akasema, "Si sasa, Priscah." Hakusema kwa ukali. Nitamwuliza tena mtoto akipata nafuu.

Siku yangu ya mapumziko ni Jumapili moja kwa mwezi. Jumapili iliyopita nilikwenda stesheni kutazama wanapouzia chai. Niliona wanawake kadhaa, sikujua ni yupi. Nikanunua kwa mmoja. Ni kweli haina sukari.

Nimetaka kukuandikia juu ya siku ile. Nimejaribu karatasi tatu. Tuyaache, dada.

Lakini barua yako nimeisoma vizuri, na kuna kitu hukuandika. Ile mara ya kwanza umeeleza yote, upepo, na mabati, na mtoto aliyelia. Ile ya pili umesema tu ulipanda. Hiyo ndiyo ilikuwa yangu. Ukipata nafasi, Jumapili moja mvua ikikufungia ndani, niandikie uliona nini.

Mdogo wako,
Priscah